Sponji Nyepesi: Habari za Mama Springi

Katika ukoo wa marehemu mume wangu hakuna mwanamke aliyewahi kukaa bure, na wa kwanza kati yao ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Springi. Ni fundi wa makochi. Nasema ni fundi, sisemi alikuwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Wapo watu waliokwisha kuifunga karakana yake kwa midomo yao, na wapo waliomsema mwanawe maneno ambayo nitayaandika mara moja tu, ili niyazike. Yeye mwenyewe ameniruhusu niseme yote, hata ya chumbani.

"Andika, wifi," aliniambia. "Ila usinipambe sana, watu wakapishana nami barabarani wasinijue."

Karakana yake ni chumba kirefu mbele ya nyumba, chenye mlango wa chuma na dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Ukiingia unapokewa na harufu ya gundi na kitambaa kipya. Marobota ya sponji yamepangwa hadi darini. Kuna cherehani, meza ya kukatia, na kwa miaka mingi palikuwa na kigoda kifupi alichokikalia mpaka kikaingia shimo katikati. Kazi alifundishwa na baba yake, baba mkwe wangu, aliyekuwa akishona viti vya mabasi na ambaye hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kiti. Wifi yangu alichukua nyundo yake na msimamo wake.

Yeye husema kochi ni kuvuta. Kitambaa huvutwa juu ya sponji kwa mkono wa kushoto mpaka kilie, huku wa kulia ukigonga misumari midogo inayotoka midomoni. "Mkono wa kulia hauna sifa," huwaambia watu. "Kupiga nyundo hata mlevi anaweza. Kazi iko kushoto."

Kwa hiyo mtu akisema Mama Springi amevunjika mkono wa kushoto, amesema jambo zito kuliko anavyojua.

Siku ile ilikuwa asubuhi. Alikuwa kigodani akifunga springi za kochi la watu wawili. Akainuka kufuata mkasi, mguu ukanasa kwenye kipande cha kitambaa, akaanguka kwa mkono. Kutoka kigodani, jamani! Kimo cha sufuria. Lakini kifundo cha mkono kilivunjika, na ukelele alioutoa uliwaleta majirani wote, wa kwanza wao mama muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye sauti pana na macho mepesi.

Muuza mkaa aliangalia mkono, akaangalia kigoda, akasema hadharani, "Mtu mzima haanguki hapa akavunjika hivi. Hapa pana mkono wa mtu."

Na mtu mwenyewe hakuhitaji kutajwa. Wiki iliyotangulia, mwana wa kwanza wa wifi yangu alisikika akibishana na mama yake mlangoni. Kijana huyu ni karani wa kampuni ya bima, mpole kiasi kwamba mende akipita huinua miguu ampishe. Alikuwa anataka mama yake apumzike na chumba kipangishwe kwa bwana mmoja muuza simu. Mama alikataa, sauti zikapanda, mtaa ukasikia. Sasa mtaa ukajumlisha: kamsukuma mama yake kwa ajili ya chumba.

Nimekwisha kuyaandika. Ni uongo, na hayatarudiwa.

Lakini hofu ya maneno hayo ilizaa kosa ambalo nadhani ni familia yetu tu ingelifanya. Njiani kwenda hospitali, kijana, mkewe na mama mwenyewe aliyekuwa akiuma meno kwa maumivu walikubaliana kwamba wasiseme kigoda. Wakisema kigoda, daktari naye atadhani amepigwa. Waseme ngazi. Alikuwa juu ya ngazi akishusha robota la sponji.

Daktari wa zamu, aliyekuwa na wagonjwa hadi mlangoni, alisikia ngazi akakubali kwa kichwa. Mtu akianguka kutoka kwenye ngazi huvunjika, awe mzee, awe kijana. Akaufunga mkono plasta ngumu, akaandika dawa ya maumivu, akaita mwingine. Angesikia kigoda pengine angeuliza kwa nini mfupa wa mtu uvunjike kwa anguko la kitoto. Jina la familia lilihifadhiwa, ugonjwa nao ukahifadhiwa pamoja nalo.

Plasta ilipotolewa wifi yangu alirudi kazini. Baada ya muda ikaanza kesi ya meza.

"Nani amepandisha meza yangu?" aliuliza siku moja, amesimama mbele ya meza ya kukatia, mikono kiunoni.

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa mlangoni akisoma gazeti. Ni dereva wa lori mstaafu, na kwa kuwa bado anazungumza kama yuko kwenye usukani, tunamwita Gia.

"Hakuna aliyeigusa," alisema Gia.

"Imepanda! Zamani ilinifika hapa kiunoni, sasa inanijia mbavuni. Umeipachika miguu mingine."

"Mimi? Nikiipandisha meza nitafaidika nini? Nitaipitishia lori chini yake?"

Wifi akachukua futi yake ya kamba, akapima miguu ya meza. Ilikuwa vilevile tangu siku baba yake alipoiunda. Gia akaweka gazeti chini, akaona pindo la gauni linavyoburura sakafuni.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya chini, "meza haijapanda. Wewe ndiye unashuka."

Mgongo nao ulikuwa unamuuma, lakini alikuwa amenyamaza. Mwanawe alipojua, alisema basi, imetosha. Akaja na yule muuza simu, bwana mwenye viatu vinavyong'aa, wakaanza kupima ukuta wa karakana ili kuona kabati za vioo zitakaa wapi. Mama mtu alikuwa anawatazama kutoka kigodani, misumari midomoni.

Aliitema mmoja mmoja kiganjani kabla ya kusema.

"Unapima jeneza la nani, mwanangu?"

"Mama, usiseme hivyo. Ni upumzike tu."

"Nani amekwambia nimechoka? Nikilala ndani mchana nitafanya nini, nihesabu misumari ya dari?"

"Mgongo umepinda, mkono umevunjika. Ukianguka tena watasema mimi nimekuua."

Hapo ndipo nilipoingia kati, kwa sababu kwa kijana mimi ni mkaza mjomba, mke wa mjomba wake, na huwa ananisikiliza. Nilimwambia mama yake hajawahi kuonwa na daktari wa mifupa hata mara moja. Apelekwe kwanza. Kijana akafikiri, akatoa neno lake mbele yetu sote, na yule bwana wa simu akiwa shahidi: daktari akisema mama anaweza kazi, hatafungua mdomo tena. Akisema hawezi, chumba kitapangishwa. Wifi yangu akakubali. Alipiga moyo konde, lakini niliona mkono wa kulia ukiusugua ule wa kushoto kama unaagana nao.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa na haraka kidogo. Tulikaa mbele yake watu watatu, mgonjwa, mwanawe na mimi.

"Mkono ulivunjikaje?"

"Ngazi," alisema kijana upesi.

"Ngazi ndefu kiasi gani?"

"Ya kawaida."

"Alikuwa amepanda hadi wapi?"

Kijana akamtazama mama yake, mama akautazama mlango, nami nikautazama mkoba wangu. Daktari akamwomba kijana atusubiri nje.

Mlango ulipofungwa akauliza jambo jingine. "Mama, siku zako za mwezi zilikatika ukiwa na umri gani?"

Wifi yangu akainua macho darini. "Hamsini… hamsini na kitu hivi."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Mama yangu, mimi si mama mkwe wako."

Sijui alijuaje. Wifi akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio. Kisha akasema yote. Siku zake zilikatika akiwa na miaka thelathini na minane, baada ya mtoto wa tano kuacha kunyonya. Wakati huo mama mkwe wake aliishi nao, na kila jioni alikuwa akizungumzia wajukuu zaidi, na wasichana wazuri aliowaona huko na huko ambao wangeweza kumsaidia mwanawe kuwapata. Wifi aliogopa kuletewa mke mwenza mwenye umri wa binti yake. Kwa hiyo kila mwezi alichukua vitambaa vyake vya hedhi, safi kabisa, akavifua, akavianika nyuma ya nyumba pale ambapo bibi huyo angeviona. Alifanya hivyo kwa miaka mpaka bibi akafariki, na baadaye pia, kwa mazoea tu. Mimi niliviona vitambaa hivyo kambani mara nyingi nikipita kumsalimu. Nami pia vilinidanganya.

"Na ngazi?" aliuliza daktari.

"Hakuna ngazi. Ni kigoda."

Daktari akapiga makofi mawili kama mtu aliyeona bao. "Sasa ndiyo tunaweza kutibu!"

Alitueleza kwa maneno mepesi. Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili unabomoa kipande kidogo na kujenga kingine mahali pake. Kwa mwanamke, homoni zinazoleta siku za mwezi ndizo pia zinazoizuia ile bomoabomoa isikimbie kuliko ujenzi. Zikitoweka mapema, mlinzi ameondoka mapema. Wifi yangu alikaa bila mlinzi miaka mingi ambayo wanawake wenzake bado walikuwa naye. Juu ya hilo, aliingia karakana kabla ya jua na kutoka baada yake, na ngozi isiyoona jua huunyima mfupa vitamini unayoihitaji. Alishindia mkate mkavu na chai nzito. Alijisifu kwa wembamba wake. Na tangu apate wabebaji wa makochi alikuwa hainuki kigodani ila kwa lazima, wakati mfupa hupata nguvu kwa kusimama, kutembea na kuvutwa na misuli.

"Lakini watu husema watoto ndio walionila mifupa," alisema wifi. "Watano, na wote walinyonya mpaka walipochoka wenyewe."

"Usiwasingizie watoto," alisema daktari. "Ukinyonyesha, mfupa hupungua kidogo, kweli. Lakini mtoto akiacha ziwa, kwa kawaida mwili huurudishia. Kilichokuumiza ni kilichokatika mapema, na wewe kukinyamazia."

Akalazwa kwenye kitanda cha mashine, mkono wa mashine ukapita juu yake taratibu bila kumgusa. Majibu yalisema kuwa pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea, ndiyo iliyokuwa ikishusha kimo, na nyonga zimepungua ujazo. Daktari akaanza kutafuta mfano wa kueleza ujazo ni nini. Akasema mkate. Akasema tofali.

"Sponji," alisema wifi yangu.

"Nini?"

"Kuna sponji nzito na sponji nyepesi. Ukizitazama kwa nje zote nene, zote nyeupe. Ila nyepesi ina mashimo mengi ndani. Ukiikalia mwaka mmoja inabonyea haisimami tena."

"Hasa! Ndicho kilichomo ndani yako."

Wifi yangu akakaa wima pale kitandani, uso umemwiva kwa hasira. "Mimi! Mimi ambaye sijamtilia mteja sponji nyepesi tangu nizaliwe, nimetiwa mimi!"

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Kijana aliposikia kicheko akabisha hodi, akaingia, akauliza swali alilokuja nalo.

"Kwa hiyo, daktari, afunge karakana?"

"Afunge kukaa," alisema daktari. "Asinyanyue kochi, asiiname na mzigo. Lakini kusimama mezani, kuvuta kitambaa, kutembea kwenda kununua gundi, hiyo ni dawa yake. Ukimkalisha ndani utammaliza. Mnipe mwaka mmoja, nimpime tena. Mfupa ukiwa umeshuka zaidi, tutazungumza habari ya kufunga."

Kijana akasema sawa, mwaka mmoja, na muuza simu ataambiwa asubiri. Hivyo ndivyo karakana ya baba mkwe wangu ilivyotundikwa kwenye mifupa ya binti yake.

Nyumbani Gia alipewa habari yote bila kufichwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja kidogo," alisema. "Ile wiki ya kila mwezi uliyokuwa unanifukuza nikalale sebuleni…"

"Nilikuwa nalala, mume wangu. Nilikuwa na watoto watano na makochi ya watu."

Gia alicheka akapiga paja. Kisha kicheko kikaisha, akakaa akitazama mikono yake. "Ungeniambia. Ningemwambia mama anyamaze."

"Ungemwambia lini? Ulikuwa njiani na lori."

Asubuhi iliyofuata wifi alivuka barabara mwenyewe, akasimama mbele ya muuza mkaa na wateja wake wote. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilisikia kila neno.

"Ulisema pana mkono wa mtu," alimwambia. "Hakuna mkono. Nilianguka kutoka kigodani, na nikavunjika kwa sababu mifupa yangu ni sponji nyepesi. Na ni nyepesi kwa sababu siku zangu zilikatika nikiwa na miaka thelathini na minane nikaona haya kusema. Mwanangu hajanigusa. Haya, una lingine?"

Wateja walichukua mkaa wao wakaondoka. Mchana wake, muuza mkaa alikuja karakana kwa mlango wa nyuma, sauti yake pana imekuwa nyembamba. Siku zake naye zilikatika mapema, akiwa na miaka arobaini na moja. Alitaka kujua yule daktari anapatikana wapi. Wifi alimwelekeza, kisha akampa na kikombe cha maziwa anywe hapohapo. Tangu siku ile sijasikia jina la mwanetu likichafuliwa mtaani kwetu, wala sitarajii kulisikia.

Mwaka ule tuliufanyia kazi. Kigoda kilitolewa, kikapewa mtu akitumie kuwekea ndoo. Vipande vya kitambaa vilifagiliwa sakafuni kila vilipodondoka, kwa sababu ndivyo vilivyomwangusha. Meza ya kukatia ilisogezwa nje kibarazani, jua la asubuhi likampata mikononi na shingoni huku akikata. Alikula dagaa na miba yake, akanywa maziwa huku amekunja uso kama mtoto. Chai ndiyo iliyompa taabu. Tulimpunguzia kikombe kimoja kimoja, na kila kikombe kilichoondoka kiliondoka kwa ugomvi.

Kidonge chake kilikuwa cha mara moja kwa wiki. Hukimeza asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na baada ya hapo haruhusiwi kulala wala kuegemea kwa nusu saa, kisije kikamchoma koo. Alikuwa akisimama wima kando ya ukuta kama askari wa zamu ya benki.

"Afande," Gia humwambia akipita, "naomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Nenda. Na ukirudi ulete viatu vyangu."

Kwani baada ya kidonge walikuwa wakitembea, yeye na Gia, hadi juu ya mlima wa barabara na kurudi. Palipokuwa na mwinuko Gia alikuwa akimsindikiza kwa sauti: "Gia ya kwanza! Usizime mashine! Toa moshi!" Siku za mwanzo alikuwa akisimama kila baada ya nyumba chache. Kufikia katikati ya mwaka ni Gia aliyekuwa akiomba wapumzike, akisingizia kwamba anafunga kamba za viatu, ilhali anavaa makubazi.

Kisha mwaka ukatimia, tukarudi hospitali. Kijana alichukua ruhusa kazini. Tukiwa kwenye korido simu yake ililia, na tulijua ni nani, yule bwana wa viatu vinavyong'aa alikuwa na kumbukumbu nzuri. Kijana hakupokea. Wifi yangu alikuwa ameweka mikono mapajani, wa kushoto ukikunjuka na kukunjika. Mashine ikapita juu yake kama mara ya kwanza, tukaitwa ndani.

Daktari alitazama karatasi, kisha akaigeuza ili mgonjwa mwenyewe aione.

"Nyonga hazijashuka. Hata kidogo."

"Na mgongo?"

"Mgongo umepanda."

"Umepanda sana?"

"Kidogo. Lakini mama, katika umri wako watu huomba usishuke tu. Wewe umejaza. Na hujavunjika popote."

Wifi yangu hakucheka wala hakulia. Alisimama, akamtazama daktari kwa upole wa fundi mwenzake. "Kwa hiyo sponji imeanza kuwa nzito."

"Imeanza. Endelea vilevile. Na hiyo karakana, akiifunga mwanao nitakuja kuifungua mimi."

Kijana, kwa heshima yake, hakungoja tufike nyumbani. Akiwa palepale mbele ya daktari alipiga simu, akasema maneno ninayoyaandika kama yalivyotoka: "Bwana, samahani kwa kukusubirisha. Chumba hakipo. Mwenyewe yumo." Akakata simu. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mama yake akamfuta kwa upindo wa kanga yake kama alivyokuwa akimfuta makamasi.

Wiki ileile ukumbi mmoja wa mikutano uliomba fundi wa kuvalisha upya viti vyake vyote, na waliotumwa kutafuta walielekezwa kwa Mama Springi na mtu asiyetarajiwa, yule muuza mkaa, aliyewaambia kwamba kama wanataka sponji isiyodanganya wavuke barabara. Wifi aliipokea kazi akiwa amesimama, akaagiza sponji nzito, akakataa kupunguziwa ubora ili amalize haraka. Wabebaji walibeba. Yeye alivuta.

Siku ya kiti cha kwanza tulikuwepo wote. Aliweka kitambaa chekundu juu ya sponji, akamwita mwanawe aliyekuwa bado na shati la ofisini, akamwambia ashike upande wa pili. Akavuta kwa mkono wa kushoto. Kitambaa kikalia. Upande wa kijana ukamponyoka vidoleni.

"Vuta, wewe!" alisema mama yake, misumari midomoni. "Au nawe tukupeleke ukapimwe?"

Kijana akakunja mikono ya shati, akavuta.